Mbegu ya Kukomoa

Tangi la Chilongani lilikufa usiku wa kuamkia Jumatatu. Alipofunua turubai asubuhi alikuta kijani alichokilima kwa chakula kimeoza, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na povu la kijivu limeganda pembeni. Harufu ilifika nyumba zote tano. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Katika Kundi la Msisima kila mtu aliijua.

Mbeleje alifanya kama alivyofundishwa alipoolewa. Alichota bakuli la mbegu, kijani kilicho hai, kutoka tangi lake, akalifunika kwa kitambaa, akavuka uwanja bila kusalimia mtu. Anayepeleka mbegu hasalimii njiani. Akifika anakunywa kwanza yeye, mwenye nyumba akimwangalia, kisha mwenye nyumba anakunywa, na kinachobaki kinamwagwa tangini. Jirani wa karibu ndiye anayepeleka. Kukataa kupeleka ni aibu kuliko kuiba.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Yoeli. Umewahi."

"Nimesikia harufu."

"Nani hajaisikia? Hata Mzee Elikana ameisikia, na pua yake ilikufa kabla ya tangi langu."

Mbeleje alikunywa. Chilongani alikunywa, akakunja uso.

"Ya kwenu chungu."

"Ilikuwa chungu tangu kwa bibi zake mama mkwe. Tumeizoea."

"Basi na mimi nitaizoea. Sina pa kwenda kuchagua."

Akamimina. Mbegu ilienea kwenye maji machafu kama wino wa kijani. Wakasimama wawili wakiitazama, kwa sababu hakukuwa na jambo jingine la kufanya. Ng'ambo ya uwanja, kwenye ukuta wa nyumba ya pampu, taa za nyumba tano zilikuwa zinawaka. Mpaka jana taa ya Mbeleje ndiyo ilikuwa nyekundu. Leo ilikuwa ya njano, na nyekundu imehamia kwa Chilongani.

"Jana ulikuwa wewe wa mwisho," Chilongani alisema.

"Jana nilikuwa mimi."

"Leo utalala vizuri."

"Nitalala kama wewe, kaka."

Haikuwa kweli. Angelala vizuri.

Taa zile ziliwashwa na Mgawaji. Mgawaji ni mashine iliyofungiwa ndani ya nyumba ya pampu na watu wa Shirika, miaka ile kisima kilipoanza kupungua. Kila usiku inakagua kijani kilichomo katika kila tangi, inapanga nyumba kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na siku ya kupima, mara moja kila msimu, inafunga bomba la nyumba ya mwisho. Walioileta walisema watu wakishindana watalima zaidi. Mwanzoni ilikuwa hivyo. Watu walisafisha matangi, walilala karibu nayo, waligeuza turubai kufuata jua. Baadaye mtu mmoja akagundua kwamba Mgawaji haulizi una kiasi gani. Anauliza unamzidi nani. Kumshusha jirani kukawa sawa na kupanda, tena ni kazi rahisi zaidi. Kwenye makundi mengine walianza kutupiana majivu matangini. Msisima walijisifu kwamba hawajafikia huko. Wao walikuwa bado wanapelekeana bakuli.

Aliyefungiwa bomba hakuruhusiwa kuchota kwa jirani. Alifunga mizigo, akatembea kuelekea reli. Msimu uliopita ilikuwa zamu ya Nyemo, dada yake Chilongani, na mume wake na watoto. Waliondoka na punda mmoja. Punda alirudi peke yake, kamba shingoni.

Nyumbani kwa Mbeleje walikuwa wamebaki watu wawili tu, yeye na mama yake mkwe, Bibi Malogo, ambaye miguu ilikuwa imekataa. Bibi Malogo asingeweza kutembea mpaka uwanjani, sembuse mpaka reli. Kufungiwa bomba kwao kulikuwa na maana moja, na hawakuwahi kuizungumzia.

*

Mkaguzi wa Shirika alifika Alhamisi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kikohozi, mtu wa Mbeya, jina lake Nsajigwa. Alichukua tone kutoka kila tangi, akalitazama kwa hadubini ndogo kama kiberiti iliyounganishwa na kishikwambi. Kwenye matangi mengine alikaa muda mfupi. Kwenye la Mbeleje alichota mara ya pili na ya tatu. Kisha akaomba kigoda na kuingia jikoni bila kuitwa.

"Mama, mbegu hii umeitoa wapi?"

"Ni ya mama mkwe wangu. Alikuja nayo alipoolewa."

"Hujawahi kuichanganya na nyingine?"

"Nitaichanganyaje? Huyu angenifukuza."

"Ningekufukuza," Bibi Malogo alisema kutoka kitandani, "na ningekukimbiza kwa miguu yangu hii hii."

Nsajigwa hakucheka. Aliweka kishikwambi juu ya meza. Vidudu vya kijani vilionekana vimejaa kama dengu katika ungo. Katikati kimoja kilianza kuvimba. Kilivimba mpaka kikapasuka, na vumbi jembamba likatoka ndani yake. Vidudu vya upande wa kulia, vilivyokuwa na rangi hafifu, vikasinyaa kimoja baada ya kingine. Vya upande wa kushoto havikutikisika.

"Hivi vya kulia ni mabaki ya mbegu ya zamani ya jirani yako Chilongani, nimeviweka hapo kwa makusudi. Vya kushoto ni vya kwako. Umeona kilichojipasua?"

"Kimekufa."

"Kimejiua. Kimebeba sumu na hakina pa kuitolea. Ili itoke, lazima kipasuke. Ndugu zake wana kinga ya sumu hiyo, wageni hawana. Maji yenu yanatoka tangi hadi tangi kwa mzunguko. Machujio yenu yanazuia mbegu, hayazuii sumu."

Mbeleje aliitazama picha ile ikijirudia. Kilivimba, kikapasuka, majirani wakasinyaa.

"Chenyewe kinapata faida gani?"

"Hakipati kitu. Kinapoteza kila kitu ili mwingine apoteze zaidi. Ndiyo maana tangi lako halijazi vizuri, mama. Kila wakati kuna vinavyojipasua."

"Hiyo si akili."

"Hakina akili. Sikiliza, nikwambie bila kuzunguka." Nsajigwa alikohoa, akafuta mdomo. "Watu sita wanagombea ndoo moja. Atakayebaki na nguvu kuliko wenzake ndiye anayekunywa. Ukijikata kidole ili mwenzako akatwe mkono, wewe umepanda. Wangekuwa watu elfu sita, ungekuwa umejikata kidole bure, kwa sababu mkono mmoja uliokatwa haukusogezi popote. Wataalamu waliipiga hesabu hii zamani kama mtu anavyopiga hesabu za mchezo. Kila mchezaji ana njia zake, na njia inayolipa ndiyo inayozaana. Kwenye mchezo mkubwa, roho mbaya hailipi, inakufa na mwenye nayo. Ukiubana mchezo, ukaweka wachache, ukawapanga kwa nani anamzidi nani, roho mbaya inaanza kulipa. Hakuna haja ya mtu kuifundisha. Inatokea yenyewe, na inabaki."

"Sisi ndio tumeubana?"

"Shirika ndilo limeubana. Lakini roho mbaya mmeisambaza ninyi. Tangi la jirani likifa, nani anapeleka bakuli?"

Mbeleje alitazama bakuli lake kwenye rafu.

"Jirani wa karibu," Nsajigwa alijijibu. "Sumu yako inaua mbegu yake, halafu unampelekea ya kwako mkononi. Mnakunywa wote wawili kuonyesha ni salama. Na kweli ni salama, kwa mtu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni salama kwa tangi."

Mbeleje alisikia pumzi za Bibi Malogo kitandani.

"Kabla ya Chilongani," Mbeleje alisema taratibu, "kulikuwa na nyumba hapa katikati. Sasa ni tupu. Maji ya kwangu yalikuwa yanaingia kwao kwanza."

"Msimu uliopita?"

"Ndiyo. Tangi lao lilikufa karibu na siku ya kupima. Nilimpelekea bakuli Nyemo. Lilichelewa."

Nsajigwa alizima kishikwambi. "Basi ni hivyo," alisema.

Mbeleje alisukuma kuni ndani ya moto.

"Kuna njia mbili," mkaguzi aliendelea. "Ya kwanza, chemsha tangi lako, anza upya na mbegu ya mwingine. Siku ya kupima ni Jumatano. Utakuwa wa mwisho." Akatazama kitandani, akaondoa macho. "Ya pili, wape wote. Nyumba zote zikiwa na mbegu moja, zote zina kinga. Sumu haina wa kumuua. Vinavyojipasua vitakuwa vinajiua bure, na baada ya muda vitabaki visivyojipasua. Matangi yatalingana. Na Mgawaji akikuta tofauti iko chini ya sehemu ya kumi, hafungi bomba la mtu. Kifungu hicho kipo ndani yake. Walioandika hawakudhani kitatumika."

"Na mbegu zao?"

"Zitakufa. Zimeshaanza."

"Nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Peleka mabakuli."

"Chilongani ni kaka yake Nyemo."

"Huyo ndiyo kabisa usimwambie. Ana nani mwingine hapa?"

"Hana mtu. Mke alizikwa, watoto wako mjini hawaandiki. Alikuwa na Nyemo tu."

Nsajigwa alisimama, akakusanya vyombo vyake. "Kwenye hesabu zetu huyo ndiye wa kuogopwa. Mtu aliyezungukwa na wageni watupu, akiharibu hapotezi ndugu. Mimi kazi yangu ni kupima na kuandika. Haya mengine sijakwambia." Mlangoni alimgeukia Bibi Malogo. "Shikamoo, bibi."

"Shikamoo gani ya kuondokea?" Bibi Malogo alisema. Lakini aliitikia.

*

Ijumaa Mbeleje alizunguka na bakuli nyumba tatu. Hilo halikuwahi kufanyika. Bakuli hupelekwa kwa aliyefiwa na tangi, na matangi hayo matatu yalikuwa bado yanapumua, ingawa rangi ilikuwa imeanza kufifia. Wawili walipokea bila maneno mengi. Mzee Elikana alikaa na bakuli magotini, hakunywa.

"Mama Yoeli, mimi ni mzee, usinifanye mtoto. Leo unanipa cha kunipandisha mimi, na Jumatano tunapimwa mimi na wewe. Kwa nini?"

"Tukilingana hatafungiwa mtu, mzee. Mkaguzi amesema."

"Mkaguzi amesema. Mtu wa Shirika."

"Tangi lako linakufa. Kaliangalie."

"Nimeliangalia. Ndiyo maana nauliza." Alinusa bakuli kwa pua yake mbovu. "Mbegu yangu ilitoka kwa baba yake baba yangu."

"Najua hilo."

"Hujui kitu," Elikana alisema, lakini alikunywa.

Jumamosi mchana Chilongani alikuja mwenyewe. Alikuwa amebeba kata yenye kijani, akaiweka mezani mbele ya Mbeleje.

"Onja."

Mbeleje alionja.

"Ni ya nani hiyo?" Chilongani aliuliza.

"Si nilikupa mimi Jumatatu?"

"Ulinipa bakuli moja. Leo tangi limejaa na ya zamani haipo hata tone. Tangi la baba yangu lilikufa mara mbili tukiwa watoto, tukapewa bakuli, na ya zamani ilirudi pembezoni ikachanganyika. Safari hii haikurudi. Na juzi mkaguzi alitia tone langu na lako pamoja, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alifunika kioo haraka." Alivuta kigoda, akakaa. "Sikusoma sana, Mama Yoeli. Lakini nimeona watu wakifunika vitu."

Bibi Malogo alijigeuza kitandani. "Mbeleje, mpe mgeni maji."

"Sitaki maji, mama. Nataka aniambie tangi la Nyemo lilikufa na nini."

Hapo ndipo ilipokuwa. Mbeleje angeweza kusema joto. Joto liliua matangi mengi msimu ule, na mtu yeyote angeamini. Jumatano ingefika, taa tano zingewaka kijani, na bibi angebaki kitandani mwake na bomba likitoa maji. Kusema uongo kungeokoa nyumba zote tano, na ya Chilongani ikiwemo. Alijua hivyo vizuri alipofungua mdomo. Lakini yule mtu alikuwa amelitaja jina la Nyemo, na Mbeleje alikuwa amekula kwa Nyemo, amebeba watoto wa Nyemo mgongoni, amesimama uwanjani siku ile akiwatazama wakifunga mizigo.

"Lilikufa na mbegu yangu," alisema. "Sikujua, kaka. Nimejua juzi. Inatoa sumu, inapita na maji. Ililiua tangi la Nyemo, ikaliua la kwako. Sasa nimewapa watu wote ili isiue tena. Jumatano tutalingana, hakuna atakayetoka."

Chilongani aliitazama kata.

"Jumatano hakuna atakayetoka," alirudia.

"Hakuna."

"Kwa hiyo Nyemo angesubiri msimu mmoja tu."

Chilongani aliinuka, akamwaga kijani kile nje ya mlango, akaondoka na kata yake tupu. Hakupandisha sauti wala hakubamiza mlango. Bibi Malogo alivuta pumzi ndefu.

"Ungemwambia joto," alisema.

*

Jumapili watu walikusanyika kwenye kivuli cha nyumba ya pampu kwa ibada. Chilongani hakufika. Mbeleje aliona nafasi yake tupu na alijua kuna jambo, lakini alikaa mpaka wimbo ukaisha, kwa sababu kunyanyuka kungekuwa kumshtaki mtu bila ushahidi.

Alimkuta nyumbani kwake yeye Mbeleje, kando ya tangi lake. Turubai lilikuwa limefunuliwa. Mfuko wa chokaa, ile ya kupaka matangi kwa nje ili yasipate joto, ulikuwa mtupu pembeni, na Chilongani alikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Tangi lilikuwa linatoa mvuke. Kijani kilikuwa kinapauka na kuzama chini kama majivu.

"Nimefunga mlango wa maji unaotoka kwangu kwenda kwa Elikana," alisema. "Wao sina neno nao."

"Maji ya hapa yanaingia kwako, Chilongani."

"Yameshaingia."

"Utafungiwa bomba na wewe."

"Ndiyo."

"Tangi lako lilikuwa zima. Ulikuwa umepona."

"Nilikuwa nakula mbegu iliyomuua dada yangu, na ningeendelea kuila mpaka nife, na wewe hapo jirani unapumua. Afadhali tukose wote." Alijipangusa chokaa machoni kwa kiganja, akazidi kutokwa na machozi, yale ya kuwashwa. "Mwambie mama nimesikitika kwa upande wake."

Mbeleje aliokota mfuko mtupu akampiga nao usoni. Yeye hakujikinga. Alimpiga tena, kisha akauachia.

Bado kulikuwa na nafasi. Bakuli likija siku hiyo, mbegu ingejaza tangi kabla ya Jumatano. Mbeleje alisuuza tangi kwa mikono mitupu mpaka ngozi ikamenyuka, akaliacha wazi ili kila mtu aone kwamba liko tayari. Akakaa mlangoni. Nyumba zote tatu ziliona. Watoto waliitwa ndani. Jua lilipopita utosi, Elikana alivuka uwanja, na Mbeleje alisimama upesi. Mikono ya mzee ilikuwa mitupu.

"Mama Yoeli. Nimeona nije mimi, nisimtume mtu."

"Bakuli liko wapi, mzee?"

"Tumekaa, tumezungumza. Kisima kinapungua, wewe mwenyewe unajua. Nyumba mbili zikitoka, tatu zitakazobaki zina maji ya kutosha misimu mingi. Nina wajukuu."

"Mbegu mnayokula ni yangu."

"Ni yako. Tunashukuru." Alisema hivyo kwa heshima kabisa, na aliondoka haraka kuliko umri wake.

Nsajigwa asingeliita hilo roho mbaya. Elikana alikuwa anapata kitu. Huo ulikuwa ubinafsi tu, ule wa kila siku, na unaeleweka. Lakini tangu Msisima ianze, ilikuwa mara ya kwanza tangi kufa na bakuli lisivuke uwanja. Jumatano Mgawaji alipima, akakuta matangi mawili matupu yamefungana mkiani. Taa tatu zikabaki, mbili zikazimika, na ndani ya ukuta mabomba mawili yalikohoa hewa.

*

Waliondoka Alhamisi alfajiri. Mbeleje alimweka Bibi Malogo kwenye mkokoteni, akamfunga kwa kanga asianguke, akaweka dumu la maji miguuni pake. Chilongani aliondoka kabla yao na begi moja na dumu lake. Hakuwa na mzigo wala mtu wa kumchelewesha, na kwa mwendo wake angefika reli na maji yakibaki. Kufikia saa tatu alikuwa nukta tu mbele, kisha hakuonekana.

Kwenye korongo la mchanga mkokoteni ulizama. Mbeleje alisukuma, akachimba magurudumu, akatandika matawi, akasukuma tena. Ulizama mpaka kwenye ekseli. Jua lilikuwa limeshapanda. Alipoinua kichwa kufuta jasho alimwona mtu ameketi kwenye ukingo wa pili, mahali pasipo na kivuli, begi kando yake. Alikuwa ameketi hapo muda mrefu. Alama za miguu yake zilionyesha alikuwa ameshavuka, ameshakwenda mbali, na amerudi.

"Umekuja kusaidia?" Mbeleje alimuuliza.

"Hapana."

"Umefuata nini, basi?"

"Nione mtakapoishia," Chilongani alisema. Midomo ilikuwa imeanza kumpasuka.

Mbeleje alimfungua bibi kwenye kanga, akachuchumaa mbele ya mkokoteni, akamvuta mgongoni kwake. Alikuwa mwepesi kuliko dumu. Dumu lingebaki, hakukuwa na mkono wa kulibeba. Alimnywesha bibi alichoweza, akanywa yeye, kilichosalia akakiacha ndani ya mkokoteni.

"Nani yule anaongea?" Bibi Malogo aliuliza sikioni mwake. Macho yake hayakufika ng'ambo.

"Jirani, mama."

Alipanda ukingo kwa magoti na kiganja kimoja, akapita karibu naye kiasi cha kumgusa. Dumu la Chilongani lilikuwa limelala ubavuni mwake, limepungua nusu kwa kukaa tu.

"Maji yako yanaisha ukitusubiri," alimwambia. "Hutafika."

"Najua," Chilongani alisema. Aliinuka, akajikung'uta mchanga, akaanza kutembea nyuma yao polepole, kwa mwendo wao.